Rimoti ni ya nani? Kuchagua vitufe vya nyumba janja mjini Katoro

Mwaka 2024 kaya za Tanzania zenye mita za LUKU zilipewa kazi ya vidole. Aliyenunua umeme mara hiyo hakupata namba moja ya tarakimu 20 kama alivyozoea, bali makundi matatu, kila moja la tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuisasisha mita, la tatu ndilo lililobeba uniti. Mwisho wa zoezi ulikuwa Novemba 24, na mita ambayo isingesasishwa isingepokea tena umeme mpya. Hiyo ni mibonyezo 60 bila kukosea, kwenye kile kidude kinachokaa juu ya kabati au nyuma ya pazia, ambacho kila mtu anakiita rimoti ya LUKU.

Sababu yake inafaa kujulikana. Mita hizi zinafuata mfumo wa STS unaotumika katika nchi nyingi, na kila namba ya umeme inayotolewa hubeba muhuri wa dakika iliyotengenezwa. Dakika zinahesabiwa kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu. Siku zilipokuwa zinakaribia kwisha, ilibidi kila mita iambiwe ianze kuhesabu upya. Kwa mita nyingi za nyumbani ujumbe huo ungeweza kufika kwa njia moja: mkono wa mtu, kitufe kwa kitufe.

Katoro, kama kwingineko nchini, ndipo wengi walipogundua kuwa namba saba ya rimoti yao haikubali, au kwamba betri zimevujia ndani, au kwamba rimoti yenyewe iko kwa mpangaji aliyesafiri. Naanzia hapo kwa makusudi. Mji huu wa biashara ulioko magharibi mwa Geita, kwenye barabara iendayo Bwanga na Biharamulo, umekua haraka. Umegusana na Buseresere ya wilaya ya Chato kiasi kwamba mgeni hajui amevuka mpaka wa wilaya saa ngapi, na mwaka 2025 ulipewa jimbo lake la uchaguzi. Fedha ya dhahabu ya Lwamgasa na Nyarugusu inageuka matofali, mabati na mageti ya chuma. Nyumba mpya zinawekwa taa za sola za ukutani, feni za rimoti, geti la mota na kamera, na sasa wenye uwezo wanaulizia taa zinazowashwa kwa simu. Wanaambiwa hiyo ndiyo nyumba janja, na kwamba wanachohitaji ni kununua vifaa. Mimi naona nyumba za Katoro zimekuwa na vitufe visivyo na waya kwa miaka mingi, na vitufe hivyo vimeshatufundisha karibu kila jambo la kuzingatia kabla ya kununua vingine.

La kwanza ni hilo la mshika rimoti. Katika nyumba za kupanga, ambako vyumba sita au nane vinatumia mita moja, rimoti ya LUKU hukaa kwa mama mwenye nyumba au kwa mpangaji wa siku nyingi. Akienda msibani Sengerema na kufunga chumba chake, uniti zikiisha saa mbili usiku nyumba nzima inalala gizani, ingawa kila mpangaji ana simu yenye fedha za kununulia umeme na ujumbe wenye namba umeshaingia. Umeme upo, fedha ipo, namba ipo. Kilichokosekana ni kitufe. Na ya jirani haisaidii mpaka ielekezwe kwenye mita yako, kwa sababu kila rimoti inatambuana na mita yake.

Nyumba inayoendeshwa kwa programu ya simu inarudia kosa hilo kwa gharama kubwa zaidi. Programu inawekwa kwenye simu ya baba mwenye nyumba. Baba yuko kwenye duara la dhahabu Nyarugusu siku nne mfululizo, au amekwenda Mwanza kufuata mzigo. Nyumbani wamebaki bibi, watoto na dada wa kazi mwenye simu ya kitochi. Nani atazima taa ya nje? Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si la chapa wala bei. Ni hili: siku mimi sipo, nani atabonyeza, na atabonyeza wapi? Muuzaji akijibu kwamba wengine nao wapakue programu, ujue hajaijua nyumba yako.

Ndiyo maana kitufe cha mkononi au cha kubandika ukutani bado ni kifaa cha maana kuliko simu. Mtoto wa darasa la pili anakiweza. Mgeni aliyefika usiku anakiweza. Lakini vitufe navyo haviko sawa, na tofauti zake zinaonekana vizuri zaidi ukikaa kwenye kibanda cha fundi wa redio na simu.

Mama analeta rimoti imefungwa nailoni na kukazwa kwa mpira mahali palipopotea kifuniko cha betri. "Fundi, saba na tisa hazikubali."

"Haijafa hii, mama. Ni vumbi."

Anapitisha bisibisi bapa kwenye maungio ya plastiki na rimoti inafunguka vipande viwili. Ndani mna mkeka wa mpira wenye vitone vyeusi vya kaboni, kimoja chini ya kila kitufe, na ubao wa kijani wenye njia ndogo zinazokaribiana bila kugusana. Ukibonyeza, kitone kinaziunganisha. Vumbi la kiangazi, mafuta ya vidole na jasho vikijenga utando juu yake, kitone hakigusi tena. Fundi anafuta kwa pamba yenye spiriti, anaacha ikauke, anarudisha. Kitone kilichokwisha kabisa anakibandika kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa gundi, na namba saba inafanya kazi tena. Kama ni rimoti ya televisheni au ya taa ya sola, ana kipimo kingine: anaielekeza kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Jicho halioni kitu, lakini kwenye kioo cha simu nukta ya zambarau au nyeupe inawaka. Ikiwaka, rimoti ni nzima na ugonjwa uko kwenye televisheni.

Aliyeona kazi hiyo mara moja anajua atafute nini dukani. Katoro ni mji wa vumbi. Kuna vumbi la barabara za mitaa na, kwa walio karibu na makarasha, vumbi la mawe yanayosagwa. Kitufe cha kubandika ukutani kiwe kipande kimoja kisicho na mianya, kinachotoa mlio na kutikisika kidogo kidoleni kikibonyezwa, maana hiyo ni swichi ndogo iliyofungwa, si kitone cha kaboni kilichoachwa wazi. Kwa kitufe cha getini au cha jikoni angalia alama ya IP kwenye boksi. Tarakimu ya kwanza inazungumzia vumbi, ya pili maji. 54 inatosha kwa kibarazani. Maandishi yawe yamechongwa, kwa sababu yaliyopakwa rangi yanafutika, na baada ya mwaka familia inabonyeza kwa kukariri.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulijua wakishanunua. Vitufe vingi vya bei nafuu vina kidude kimoja cha kuwasha na kuzima kwa zamu. Kwa taa ya sebuleni haina shida, unaiona. Kwa taa ya nyuma ya nyumba, au ya bandani, ni usumbufu mtupu: umelala, unabonyeza, hujui kama umeizima au umeiwasha. Kwa taa usiyoiona kutoka ulipo, nunua chenye vitufe viwili, cha kuwasha peke yake na cha kuzima peke yake. Ukibonyeza cha kuzima mara tatu kwa wasiwasi, taa inabaki imezimwa.

Betri zina historia yake. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya televisheni iliyoitwa Space Command, kazi ya mhandisi Robert Adler, mzaliwa wa Vienna. Haikuwa na betri hata moja. Ndani yake mlikuwa na vyuma vya aluminiamu, na kila kitufe kilikuwa na nyundo ndogo iliyogonga kimoja. Mlio wake ulikuwa wa juu kupita uwezo wa sikio la mtu, lakini televisheni iliusikia na kubadili stesheni. Waliokataa betri walikuwa na hoja: betri zikiisha, mteja angedhani televisheni imeharibika. Hoja hiyo inaishi Katoro mpaka leo. Nimewasikiliza mafundi wengi, na hadithi yao ni ileile, kwamba rimoti nyingi zinazoletwa kutengenezwa hazina ubovu wowote, betri ndizo zimekwisha baada ya kuanikwa juani na kung'atwa kwa meno mpaka zikakata tamaa.

Wazo la kitufe kisicho na betri lilirudi kwa njia nyingine. Mwaka 2001 wahandisi waliotoka Siemens ya Ujerumani walianzisha kampuni ya EnOcean. Swichi yao inatumia nguvu ya kidole: ukibonyeza, sumaku ndogo inaruka kwenye koili, umeme kidogo unazaliwa, unatosha kurusha ujumbe mmoja mfupi wa redio. Leo viwanda vingi vya China vinatengeneza swichi na kengele za mlangoni kwa kanuni hiyo. Zinahitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo na zina mlio wa kukata, jambo linaloweza kumsumbua mzee mwenye vidole vyenye baridi yabisi, lakini kwa sebule, choo na kibaraza sijaona zilizo bora kuliko hizo kwa mji wa mbali na maduka makubwa. Ukizipata, zichukue.

Usipozipata, fuata betri kabla ya kitufe. Nenda kwanza dukani kwa Mangi wa mtaani kwako uone anauza betri gani. Zile nyembamba za AAA zipo karibu kila duka. Ile bapa ya mviringo, CR2032 ya volti 3, hutumika pia kwenye baadhi ya mizani ndogo za kielektroni, hivyo katika mji wa dhahabu haikosi. Ile fupi ya volti 12 ya rimoti za mageti, A23, huenda ukaifuata Geita mjini. Kitufe kizuri chenye betri isiyouzwa mtaani kwako kitakufa mapema, na kitaonekana kibovu.

Hapo tuje kwenye mawimbi, ambako fedha nyingi hupotea. Rimoti ya televisheni na ya taa nyingi za sola hutumia mwanga usioonekana, na mwanga hauvuki ukuta. Taa ikiwa juu ya nguzo, lazima usimame chini yake na kuielekezea. Rimoti ikipotea, taa inabaki katika hali iliyoachwa mara ya mwisho. Kama ni ile ya kuzima baada ya saa tatu, usiku wa manane uwanja uko gizani mpaka upate rimoti nyingine ya aina hiyohiyo. Weka rimoti hizo mahali pamoja, andika juu yake ni ya taa gani, na ukinunua taa mbili za aina moja hesabu hiyo kuwa ni rimoti ya akiba.

Vitufe vya redio ndivyo vinavyovuka kuta. Vya bei nafuu viko kwenye megahezi 433, na vinapita matofali ya kuchoma vizuri kuliko vile vya gigahezi 2.4, ambako Wi-Fi, Bluetooth na Zigbee vinabanana. Lakini hakuna redio inayopenda chuma. Katoro tunapenda mageti ya bati zito na madirisha ya nondo, na mafundi wengi huficha kipokezi ndani ya boksi la chuma kwa usalama, kisha mwenye nyumba analalamika kwamba rimoti inafanya kazi akishasogea mpaka getini. Waya mwembamba unaoning'inia kwenye kipokezi hicho, wenye urefu wa kama sentimita 17, ndio antena yake. Utolewe nje ya boksi, usikatwe, usikunjwe.

Kwa wenye ndugu Marekani, neno moja la tahadhari. Vifaa vya huko vya Z-Wave, mfumo mwingine wa redio wa nyumba janja, hutumia megahezi 908, na ukanda huo kwetu ni wa simu za mkononi. Tanzania iko kundi moja na Ulaya katika mgawanyo wa masafa wa dunia, ambako vifaa vya aina hiyo hutumia 868. Cha huku hakisikilizani na cha kule, na mwenye kusimamia masafa, TCRA, ana haki ya kukataa. Zaidi ya hayo, umeme wa kule ni wa volti 120 na wetu ni 230. Mshukuru ndugu yako, mwambie akutumie kitu kingine.

Kisha kuna vitufe vya Wi-Fi vinavyopitia intaneti. Ujumbe wa kuwasha taa ya chumbani kwako unatoka kwenye kitufe, unakwenda kwenye ruta, unavuka bahari hadi kwenye seva ya kampuni, unarudi. Bando likiisha, taa haiwaki. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ni jambo lisilokubalika kabisa, kwa maoni yangu, mtu ashindwe kuwasha taa ya choo Katoro kwa sababu waya umekatika chini ya Bahari ya Hindi. Kipimo chake ni rahisi na kifanyike dukani kabla ya kulipa: mwombe muuzaji azime data ya ruta, kisha bonyeza. Taa ikitii, endelea na mazungumzo ya bei. Isipotii, mrudishie.

Vinavyotii ni vile ambavyo kitufe kinaongea na kipokezi chake moja kwa moja, au vinavyopitia kituo kidogo kilichomo ndani ya nyumba. Zigbee ni ya kundi hilo la pili. Ina uzuri wake, kila kifaa kinachotumia umeme wa ukutani hupokea ujumbe na kuupeleka mbele, hivyo nyumba kubwa inafikika yote. Lakini umeme ukikatika mnyororo wote unalala pamoja na kituo chake. Mwenye taa za sola au za betri kwa ajili ya dharura asizitegemeze kwenye mnyororo huo.

Na umeme ukirudi? Hapa ndipo vifaa vilivyoundwa kwa miji isiyojua kukatika kwa umeme vinapotuumbua. Balbu nyingi za kisasa, umeme ukirudi saa tisa usiku, zinawaka zote kwa nguvu zote, chumba cha watoto kikiwemo. Zipo zenye mpangilio wa kubaki zilivyokuwa au kubaki zimezimwa. Uliza, na uone kwa macho kwa kuchomoa na kuchomeka tena. Kwa pampu ya maji si suala la usingizi tena. Pampu inayojiwasha yenyewe wakati kisima kimekauka inaungua. Kipokezi kilichoandikwa ampea 10 kinabeba wati 2,300 za pasi, lakini mota inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi ya kiwango chake, na hapo mguso wa ndani huganda ukiwa umewasha. Fundi umeme makini ataweka kontakta, yaani swichi ya kubeba mzigo mzito, katikati.

Kuhusu karasha na winchi nasema wazi: rimoti za majumbani zisikaribie. Mtu anaweza kuwa ameinama anaondoa jiwe lililokwama, na mwenzake aliyeko nyuma ya banda akabonyeza. Kitufe cha kuzima mashine ya namna hiyo kiwe cha waya, chekundu, na kifikike na aliye karibu na hatari.

Suala la wizi halikwepeki katika mji ambako mtu anaweza kutembea na thamani ya nyumba ndani ya mfuko wa shati. Serikali ilifungua soko la dhahabu Geita Machi 2019 ili biashara hiyo ifanyike mahali panapojulikana, na mawakala wa fedha za simu wako kila kona. Wengi wao wanaporudi jioni hufungua geti kwa rimoti iliyonunuliwa bila kuuliza swali. Rimoti za kizamani zenye chipu ya PT2262 kwa kawaida zina michanganyiko 6,561 tu. Zilizofuata, za EV1527, zina zaidi ya milioni moja, lakini zote mbili zina kasoro moja: kila ukibonyeza, namba inayorushwa ni ileile. Ndiyo maana fundi anaweza kuinakili rimoti yako kwenye rimoti tupu kabla hujamaliza soda. Ukipoteza ya kwako, huo ni msaada. Lakini anayeosha gari lako, mpangaji aliyehama, kijana uliyemwachisha kazi, wote walikuwa na muda huo.

Zipo rimoti zinazobadilisha namba kila mbonyezo, kwa mfumo kama KeeLoq, na kipokezi hakikubali namba iliyokwishatumika. Kwa geti la nyumba ya mfanyabiashara, hizo ndizo za kununua. Usitegemee maandishi ya boksi. Ipeleke rimoti kwa fundi, mwambie aikopi kwenye rimoti yake ya kawaida, kisha jaribuni kopi hiyo getini. Geti likifunguka, hicho si kifaa cha kulinda dhahabu.

Kitufe cha dharura chini ya meza ya wakala nacho kina kanuni zake. Kifikike kwa goti au kidole bila mtu kuonekana anainama. Kisibonyezeke kwa bahati mbaya, maana king'ora kinacholia ovyo mara tatu hakimtoi jirani kitandani mara ya nne. Kipokezi na king'ora viwe na betri yake, kwa sababu mwizi anaijua swichi kuu. Na kijaribiwe kila wiki, kwa kumwarifu jirani kwanza.

Nimebakiza kitufe ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho cha bei ndogo: kengele ya mlangoni isiyo na waya. Ukanda huu una wanaume wengi waliovuta vumbi la miamba kwa miaka na sasa mapafu yamechoka. Una bibi waliopooza upande mmoja. Una akina mama waliotoka kujifungua kwa upasuaji. Wanalala chumba cha nyuma, na sauti yao haifiki jikoni ambako redio inalia na mboga inakaangwa. Kitufe cha kengele kikifungwa kamba shingoni au kubandikwa kwenye fremu ya kitanda, mgonjwa anaita kwa kidole kimoja. Hakuna programu, hakuna bando, hakuna nywila.

Kinunuliwe kwa uangalifu uleule. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu, kwa hiyo kijaribu ukiwa chumbani, milango imefungwa, mtu mwingine akiwa na kipokezi pale atakapokaa. Vipokezi vingi huchomekwa kwenye soketi. Umeme ukikatika, mgonjwa hana sauti. Tafuta chenye betri, au chenye vipokezi viwili, kimoja cha kila namna. Chagua mlio usiofanana na wa simu ya mtu yeyote nyumbani. Kitufe kiwe kikubwa, na mgonjwa mwenyewe akijaribu mbele yako, si wewe kwa niaba yake. Mkono wenye nguvu unadanganya kuhusu mkono dhaifu.

Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, kagua kifuniko cha betri kabla ya yote. Ile betri bapa ya CR2032 ina upana wa milimita 20, na mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama ilishaonekana imekufa. Kifuniko kiwe cha skrubu. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali wakati huohuo, asitapishwe, wala asisubiriwe mpaka asubuhi.

Kwa wanaojenga sasa, na Katoro ni wengi, lipo jambo la kufanya kabla ya plasta. Mafundi wetu hupeleka kwenye boksi la swichi waya wa laivu na ule unaokwenda kwenye taa. Nyutro inaishia juu darini. Swichi nyingi za kisasa zinataka nyutro palepale ukutani, na mwenye nyumba huambiwa hivyo akiwa ameshapaka rangi. Aliyekwisha jenga anaweza kuweka kipokezi darini, kwenye taa yenyewe, na kubandika kitufe cha redio ukutani. Anayejenga amwambie fundi avute nyutro hadi kila boksi, aweke maboksi yenye kina, na aache swichi ya kawaida ya waya katika kila chumba hata palipo na rimoti. Nyongeza ni waya mmoja kwa kila swichi. Mabomba yakishazikwa na ukuta kupigwa plasta, waya huohuo unaweza kudai patasi na nyundo.